Kipande cha Bakuli

Baroda, India
6 Februari 1998

Mama mpendwa,

Assalaam aleikum. Iddi yangu ilikuwa wali wa hosteli na ile simu ya dakika tatu, ambayo dakika mbili mliimaliza wewe na Layla mkinyang'anyana mkono wa simu dukani kwa Onesmus. Nilichosikia kwa mwanangu ni pumzi tu. Ana miaka minne na tayari anajua kuninunia.

Sasa nisikilize, na usianze kubisha kabla hujafika mwisho wa barua, maana nakujua. Kazi ninayosomea hapa ni kupima vyombo vya kale vya udongo, vile vilivyopakwa utando wa kioo juu. Ndani ya utando huo mna fuwele, yaani vipunje vya madini vidogo mno vilivyoota chombo kikiwa tanuruni. Ukizitazama kwa hadubini unajua chombo kilitengenezwa kwa nini na kina umri gani, hata kama mwenyewe amekusimulia hadithi nyingine. Wenzangu wana vyombo vya Gujarati na vya Uajemi. Mimi niliyetoka Afrika Mashariki sina hata kigae. Na huko nyumbani, juu ya kabati, kuna bakuli la Bibi Zuhura.

Naomba kipande chake kidogo tu, kama ukucha wa kidole cha mwisho, kutoka chini ya kitako pasipoonekana. Marehemu Baba alikuwa akisema babu yake alikuja nalo Machakos kutoka Lamu, limefungwa ndani ya kanzu. Nikilithibitisha hilo nitakuwa na cha kuandika, na nitarudi kwa mtoto wangu Desemba badala ya kukaa huku mwaka mwingine.

Mwambie Nurudin aache kumnunulia Layla soda kila Jumapili akitoka Athi River. Mume wangu anadhani baba mwema ni yule anayeozesha meno.

Mwanao,
Sumayya

*

Machakos
1 Machi 1998

Mwanangu Sumayya,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa chini. Unaniambia nichukue msumari nilipige bakuli la mama mkwe wangu! Bakuli ambalo Maalim huandika aya ndani yake kwa zafarani, tukazisuuza kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa kombe lake na kupona! Huko India wanawafundisha masomo au wanawafundisha utundu?

Wewe hukuwepo, kwa hiyo nikukumbushe. Mimi niliingia nyumba hii nikiitwa Kalondu, msichana wa Matuu anayenuka mbuzi. Nikasilimu, nikaitwa Halima, na bado mashangazi zako walikuwa wakihesabu makosa yangu, hata namna ya kukuna nazi. Siku ya harusi Bibi Zuhura alinikabidhi lile bakuli mbele ya wageni wote, akasema sasa mimi ndiye mwenye nyumba. Ndipo waliponyamaza. Limenikalia juu ya kabati miaka thelathini na miwili na hakuna siku nililifuta vumbi bila kusema bismillahi.

Lakini wewe ni mtoto wangu na shule ni shule. Kipande hicho hapo ndani ya pamba. Hanif wa duka la vitambaa anakwenda Bombay kununua mali, amekubali kukibeba mpaka mkononi mwako. Nimekutilia na chupa ya achari ya ndimu, kwa sababu mvua hizi za El Nino zimetupa ndimu mpaka tunagawia majirani wasiozitaka.

Layla hajambo kidogo. Tumbo linamsumbua, choo kimekuwa kigumu, na analia kwa kitu kidogo, hata nzi akitua. Hospitalini walimpa dawa ya minyoo. Nimemwita Maalim amwandikie kombe kwa siku tatu. Wali hataki, ugali hataki, lakini ukimwekea achari atalamba sahani. Huyo ni mjukuu wangu, hakuna ubishi.

Usijitie wasiwasi. Soma.

Mama yako,
Halima

*

Baroda
24 Machi 1998

Mama,

Natumaini Onesmus alikufikishia ujumbe wangu wa simu. Laini ilikuwa mbovu, alikuwa akiniambia "ati nini? ati nini?" mpaka hela zikaisha. Narudia hapa kwa maandishi: Layla asipewe tena kombe katika bakuli lile. Hata tone.

Nianze na furaha yangu ya siku moja. Hanif alikuja mwenyewe kwa treni, Mungu amjalie. Kipande kilipofunguliwa kilinukia achari nikacheka, nikajua kimesafiri ubavuni mwa chupa yako. Nilikiosha, nikakikata, nikakisugua mpaka kikawa chembamba kuliko karatasi, kisha nikakiweka chini ya hadubini. Mama, nilipiga kelele maabara nzima ikageuka! Utando umejaa fuwele za madini ya bati, nyeupe, zimetawanyika kama chumvi. Hizo ndizo zilizoufanya uonekane mweupe. Mafundi wa zamani ndio waliofanya hivyo. Mwalimu anakadiria miaka mia nne, pengine zaidi. Baba hakuwa akijigamba.

Kesho yake nikapima kile kioo kinachozizunguka fuwele. Karibu nusu yake ni risasi, ile wanayotia kwenye betri za magari. Chombo cha namna hiyo ukikitia kitu kikakaa, hasa kitu kichachu, risasi inatoka pole pole na kuingia ndani yake. Mtu mzima anaweza kuivumilia miaka. Mtoto mdogo haivumilii. Inamletea maumivu ya tumbo, choo kigumu, hasira, damu kupungua. Nilikuwa naandika dalili hizo daftarini, nikaona ni barua yako ninayoinakili. Nikaacha kalamu, nikakimbilia simu.

Mpelekeni Nairobi wampime damu. Semeni "risasi", msiseme minyoo. Nisamehe kwa ukali huu. Mimi mwenyewe tumbo linaniuma wiki ya pili sasa, nadhani ni maji ya huku pamoja na woga.

Sumayya

*

Machakos
14 Aprili 1998

Sumayya,

Nimefanya ulivyoamuru. Bakuli nimelifungia ndani ya kabati na ufunguo nimempa mumeo, ili kusiwe na maneno. Maalim alikuja na zafarani yake nikamrudisha mlangoni. Miaka yote hiyo sijawahi kumrudisha mtu wa aya mlangoni. Niliona aibu, na nilikukasirikia, nasema wazi.

Ulipougua surua ulikunywa kombe la bakuli hilo. Baba yako alikunywa. Hanif, aliyekubebea mzigo wako, mama yake alikuja kuliazima akiwa na mimba yake. Leo nimwambie nini? Kwamba nilimnywesha sumu? Nikuulize jambo, na usinicheke: una hakika mashine haiwezi kukosea? Una hakika kipande kidogo vile kinaweza kusema habari za bakuli zima?

Nairobi tulikwenda. Wametoa damu, majibu baada ya wiki moja. Daktari alituuliza kama tunakaa karibu na kiwanda, nikasema tunakaa karibu na msikiti.

Mtoto amekonda. Zamani alikuwa akimkimbiza jogoo wa jirani, sasa jogoo anapita mbele yake na yeye anamtazama tu. Nampa anachokubali, wali na achari asubuhi na jioni, kwa sababu afadhali kitu tumboni kuliko hewa. Niombee. Niombee mimi pia.

Mama

*

Athi River
3 Mei 1998

Mpendwa Sumayya,

Sasa. Mimi si mtu wa barua, unajua, lakini hapa nimekwama.

Majibu yalikuja. Risasi iko kwa damu ya Layla na ni mingi. Daktari alisema tuondoe kile kitu kinaileta, basi itashuka yenyewe. Tukamwambia tayari tumeondoa. Akapima tena, na hayo majibu yalitoka juzi. Imepanda! Sumayya, bakuli limefungwa tangu Machi na ufunguo niko nao mimi, nalala nao. Sasa hii risasi inatoka wapi?

Nimefikiria kila kitu. Nimekwangua rangi ya madirisha. Nikafikiria ni mimi, ati vumbi ya kiwandani imeniganda kwa nguo. Siku hizi nikifika Jumapili simbebi. Nasimama pale kwa mlango nampungia mkono. Ananiuliza baba umenikasirikia? Ebu niambie mimi nimjibu aje.

Daktari anasema ikipanda tena itaanza kuguza akili na haitarudi vile ilikuwa.

Ulisema kwa simu unataka kipande ingine upime mara ya pili. Mama alikuwa ameenda arusi Masinga, nikafungua kabati, nikatoa kidogo chini na tindo. Jambo moja lilinishangaza. Nilitafuta pale Mama alitoa ile ya kwanza na sikuona. Kitako kilikuwa kizima kabisa, laini kama yai. Labda sikuangalia vizuri, macho yangu siku hizi hayalali.

Nimetuma kwa ile posta ya haraka. Fanya upesi.

Wako,
Nurudin

*

Baroda
20 Mei 1998

Mama mpendwa,

Naandika kwanza ili nipange kichwa, kwa sababu kwenye simu nitalia. Kesho asubuhi nikipata laini nitapiga kwa Onesmus.

Nina vipande viwili mezani. Cha kwanza ni ulichonitumia wewe, cha pili amekitoa Nurudin. Vyote vyeupe, vyote vya bakuli moja, kwa maneno yenu. Kipande cha pili nimekitazama siku nne. Hakina fuwele hata moja ya bati. Kina fuwele za madini mengine, zirkoni, ambayo viwanda vilianza kuyatia kwenye vyombo katika karne yetu hii. Risasi hakuna. Udongo wake ni mweupe wa kiwandani, wa kile cha kwanza ni mwekundu. Nimebadilisha mashine. Nimemwomba Mwalimu apime yeye bila kumwambia nataka kuona nini. Majibu ni yale yale.

Nilianza kujitilia shaka mwenyewe. Niliwaza labda nimechanganya visahani, au nimechoka, maana tumbo halijapoa na usingizi sina. Kisha nikasoma tena barua ya Nurudin, pale aliposema kitako kilikuwa kizima.

Mama, bakuli moja haliwezi kuwa na miaka mia nne na miaka arobaini kwa pamoja. Na kama bakuli halina risasi, basi karibu miezi miwili tumefungia chombo kisicho na hatia, na kile chenye sumu bado kiko wazi, mtoto anakifikia.

Sikulaumu. Nataka jibu moja tu. Kile kipande cha kwanza ulikitoa wapi?

Sumayya

*

Machakos
24 Mei 1998

Mwanangu,

Barua yako haijafika bado, lakini uliniuliza swali lako kwa simu, mbele ya Onesmus na wanaume wawili waliokuja kununua saruji. Nikakujibu neno moja, mtungi, kisha nikaiacha simu ikining'inia na kukimbia. Onesmus alidhani kumetokea msiba. Viatu nilivisahau dukani.

Nilifika jikoni nikamkuta Layla amekaa chini, mtungi wa achari katikati ya miguu yake, mkono umezama mpaka kiwiko.

Sasa nikuambie yote. Siku ile nilishusha bakuli, nikaweka msumari, nikainua nyundo. Mkono ulikataa. Niliona ile hadhara ya harusi yangu yote inanitazama, na mashangazi zako wakisema, si tuliwaambia? Mimi nimeizalia nyumba hii watoto, nimezika mume wangu hapa, lakini bakuli lile ndilo pekee lililowahi kusema kwa sauti kwamba mimi ni wa hapa. Basi nikaangaza macho jikoni. Ule mtungi mweupe wa achari, aliokuwa akitumia Bibi Zuhura, ulikuwa umechubuka chini siku nyingi. Nikaubandua kidogo kwa kisu. Nikajiambia, cheupe ni cheupe, huko India watajuaje?

Utaniuliza, uliposema risasi mbona sikukumbuka? Hilo ndilo linalonitia wazimu. Nilikuwa nimejiambia mara nyingi sana kwamba kipande ni cha bakuli, mpaka kila uliposema sumu nililiona bakuli tu. Mtungi haukunijia kabisa. Uliandika "kitu kichachu" kwa mkono wako, nikasoma, kisha nikainuka nikaenda kumtilia mtoto achari. Na kwa kuwa kombe lilikatazwa na mtoto hali chakula, nikawa nazidisha. Mikono yangu mwenyewe, Sumayya. Kijiko kwa kijiko.

Nurudin nimemwambia. Hakunipigia kelele. Alimbeba Layla akatoka nje naye akalia huko.

Ile chupa niliyokutumia, imwage. Usinijibu kama huwezi.

Halima

*

Baroda
12 Juni 1998

Mama,

Wiki ya kwanza sikuweza kweli. Nilikasirika mpaka nikaogopa hasira yangu. Niliandika barua mbili nikazichana. Halafu Nurudin akapiga simu kusema wamempima tena na risasi imeanza kushuka, nikakaa chini kwenye ngazi za hosteli nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Chupa yako nilikuwa nimeshaila yote hadi mafuta, nikichovya chapati. Nilisugua yaliyobaki chini nikayapima. Usitake kujua. Kumbe hata tumbo langu halikuwa la maji ya Baroda. Kwa hiyo na mimi, mwenye hadubini, nilikuwa nalamba sumu huku nikiandika habari zake. Nani amcheke mwenzake?

Nimekusamehe, na ninasema hivyo nikiwa bado na hasira kidogo, ili ujue si maneno ya adabu tu.

Kuna jambo moja bado silielewi, wala Mwalimu halielewi. Bakuli ni la dukani. Mtungi ndio wa kale, ndio wa miaka mia nne. Kama kuna chombo kilichofungwa ndani ya kanzu kutoka Lamu, ni huo wa achari. Bibi Zuhura alijua? Au naye alidanganywa? Tafadhali usiuvunje. Usiutie kitu chochote, ila usiuvunje.

Nitarudi Desemba.

Sumayya

*

Machakos
26 Julai 1998

Mwanangu Sumayya,

Waaleikum salaam. Kwanza la mtoto. Risasi imeshuka chini ya nusu. Daktari anasema atamwangalia mpaka aanze shule, kwa sababu kuna mambo ya kichwani yanayojitokeza baadaye, na hakutupa ahadi. Mimi sikumwomba ahadi. Ijumaa Layla amemkimbiza jogoo hadi uani kwa mama Hanif, amerudi na manyoya mkononi. Baba yake Jumapili anambeba toka stendi hadi hapa, nguo za kiwandani na yote.

Swali lako limenikosesha raha mwezi mzima. Mwanzoni niliumia. Nikasema, kumbe siku ya harusi yangu nilipewa kitu cha duka la Muhindi, na mimi Mkamba mjinga nikakifuta vumbi miaka thelathini na miwili. Nilitaka kulitupa. Nililishusha kabisa, safari hii mkono haukukataa.

Ndipo nikakumbuka asubuhi ya pili yake. Wageni walikuwa wameondoka. Bibi Zuhura aliniita jikoni, tuko wawili tu, akachukua ule mtungi kwa mikono miwili akauweka kwenye mikono yangu miwili. Akaniambia, "Lile la jana lilikuwa la watu. Huu ni wako. Usimpe mtu, usimwazime mtu." Mimi nikadhani ni uchoyo wa achari! Nilimsimulia baba yako, tukacheka. Bibi alikuwa jikoni akitusikia tunacheka.

Kwa hiyo alijua, nadhani. Bakuli la Lamu pengine lilivunjika, pengine hakukuwahi kuwa na bakuli, hayo amekwenda nayo kaburini. Mimi nilikuwa na cha kweli tangu siku ya kwanza, nikakitilia chumvi na pilipili, na nusura kiniulie mjukuu. Sijui nishukuru au nilie. Nafanya vyote viwili, kwa zamu.

Mtungi uko juu ya kabati, mtupu, nimeufunika kitambaa kile cha bakuli. Maalim nimemwomba radhi, nimemnunulia sahani mpya. Bakuli nimelishusha jikoni. Layla ananywea uji. Jana aliligonga kwenye kona ya meza likamenyeka ukingo, akanitazama akiwa tayari kulia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akacheka.

Nimekuwekea kipande hicho hapa ndani ya pamba. Safari hii ni cha bakuli kweli. Usikipime.

Mama yako,
Halima Kalondu